Mavyaa Wawili wa Doudou: Historia Fupi ya Tamthilia za Kichina katika Darasa la Kiswahili

Iwapo umesahihisha insha za kidato cha tatu katika miaka hii kumi iliyopita, bila shaka umekutana na daktari huyu. Ni kijana mtanashati, amevaa koti jeupe, na yuko zamu usiku. Mlango unasukumwa kwa kishindo, analetwa askari polisi aliyejeruhiwa akipambana na majambazi. Ikiwa mwandishi ni msichana, mara nyingi daktari huwa wa kike na askari wa kiume. Macho yanakutana, mioyo inadunda, na kufikia aya ya nne posa tayari imepelekwa. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya kutwa iliyo upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru, nami nimekutana na daktari huyu mara nyingi kiasi cha kumtambua kwa hatua zake tu. Kwa muda mrefu nilimkata kwa kalamu nyekundu. Makala haya yananuia kueleza alikotoka, na kwa nini haikufaa kumkata.

Nianze na kosa lenyewe. Muhula wa kwanza wa mwaka 2017, nikiwa mwalimu mgeni ambaye wino wa shahada yake haujakauka, niliwapa wanafunzi wangu insha ya methali: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Msichana mmoja akaandika kisa cha muuguzi aliyeolewa na askari polisi. Mume alikuwa na mama mzazi na mama wa kambo, na wote wawili walidai haki ya ukwe kwa yule muuguzi. Usiku mmoja mama wa kambo akaugua, akakimbizwa hospitalini, na daktari wa zamu akakesha kando ya kitanda chake hadi alfajiri. Kiswahili cha insha kilikuwa safi, ila kilinukia ng'ambo ya mpaka. Mgonjwa hakubebwa kwa ambulensi bali kwa gari la wagonjwa. Mume hakuwa wa Huduma ya Polisi, kama tunavyosema Kenya tangu Katiba ya 2010, bali wa Jeshi la Polisi. Kila aliyepiga hodi alitoa shikamoo na kuitikiwa marahaba, adabu ambayo hapa kwetu katikati ya Bonde la Ufa huisikii nje ya darasa la Kiswahili.

Nilijua mara moja kwamba kisa kile hakikutoka Njoro. Kilitoka katika kisanduku cha StarTimes kilichokuwa juu ya kabati la kwao. Nikampa alama 6 kwa 20. Pambizoni nikaandika, "Umeiga runinga." Penye "mama mkwe wa kambo" nikapiga mstari na kuandika "mavyaa". Pale daktari alipokesha nikaandika, kwa herufi kubwa, "SI UHALISIA."

Alipopokea karatasi yake aliisoma yote, kisha akainua mkono. "Mwalimu, na ile Mkaguzi Mkuu wa Serikali uliyotuambia tuitafute maktabani, si ya Mrusi?" Nikamjibu kwamba ile ni tamthilia, na hii ni runinga. Darasa likacheka. Mpaka leo sijui walimcheka nani.

Hebu tulitazame jibu langu, kwa maana lilikuwa jibu la hovyo. Katika silabasi neno tamthilia lina maana ya mchezo ulioandikwa, uliogawika katika maonyesho na matendo, unaosomwa na kutahiniwa. Mwanafunzi wako akisema "jana nimeona tamthilia", hana kitabu akilini hata kidogo. Neno limehama mikononi mwetu nasi tunajifanya hatukuliona likihama. Zaidi ya hayo, rafu ya tamthilia za Kiswahili tunayoionea fahari imejaa wageni waliovishwa kanzu. Mwalimu Julius Nyerere alitoa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, zote kazi za Shakespeare. S. S. Mushi akatafsiri Makbeth mwaka 1968 na Mfalme Edipode, ambayo ni ya Sophocles wa Ugiriki ya kale, mwaka 1971. Christon Mwakasaka ndiye aliyemleta huyo Mkaguzi wa Gogol. Hata daktari mwenyewe aliingia katika mchezo wa kuigiza wa Kiswahili akiwa mgeni: A. Morrison alimtafsiri Molière wa Ufaransa, na miongoni mwa tafsiri zake mna Tabibu Asiyependa Utabibu. Ikiwa Mfaransa anaruhusiwa kutuletea tabibu wa kuchekesha, kwa nini Mchina azuiwe kutuletea wa kupendwa?

Jambo la pili nililolisahau ni kwamba mapenzi na matibabu yalikuwa yamekwisha kuoana katika utangazaji wetu kabla ya Mchina yeyote kuhusika. Mwaka 1987 Kenya ilikuwa na mchezo wa runinga ulioitwa Tushauriane, na wa redio ulioitwa Ushikwapo Shikamana. Yote miwili ilihusu upangaji uzazi, na yote miwili ilijengwa juu ya maarifa ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico aliyeamini kwamba mtazamaji hujifunza zaidi kwa mhusika anayempenda kuliko kwa daktari anayemhutubia. Baadaye Wamexico wakaja wenyewe kupitia KBC kwa mchezo uliojulikana hapa kama The Rich Also Cry, na akina mama wa mitaani wakawa wanapika mapema ili wauwahi. Miaka hiyohiyo ya tisini kulikuwa na Tausi, mchezo wa Kiswahili ambao walimu wengi wa rika langu watakiri kwamba ndio uliowapa ladha ya lugha kabla hawajaujua ngeli ni nini. Mimi ni mmoja wao. Nilijifunza neno "habithi" mbele ya runinga ya jirani, nikiwa nimekaa sakafuni.

Polisi naye alikuwako, ila hakupendwa. Alichekwa. Katika Vioja Mahakamani alisimama kizimbani akitoa ushahidi wake, na raia akamzidi kwa maneno. Katika Inspekta Mwala, mchezo wa Citizen, afisa mzima na fimbo yake ya kwapani amekuwa kichekesho. Ukitoka kwenye runinga ukaingia vitabuni, mambo huwa mazito. Polisi katika Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui (1981) ni mkono wa mwajiri dhalimu. Hakuna mwali anayemwota. Ndiyo kusema kwamba mwanafunzi wangu alipomfanya askari kuwa mume mwema, alikuwa akivunja desturi ya fasihi yetu. Sikuliona hilo. Niliona kuiga tu.

Sasa tuje kwa Mchina. Uhusiano wake na Kiswahili ni wa siku nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mnamo Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, na katika miaka hiyo ya mwanzo ya sitini vyuo vya Beijing vikaanza kufundisha lugha hii. Idhaa hiyo, ambayo baadaye ilijulikana kama Radio China Kimataifa, ilipata masafa yake ya FM jijini Nairobi mwaka 2006, kituo chake cha kwanza cha aina hiyo nje ya China. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Egerton kilicho Njoro kina Taasisi ya Confucius iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing. Baadhi ya wanafunzi wangu huwaona Wachina wakinunua viazi sokoni na kuwasalimu "ni hao", kisha wao hujibiwa "habari yako".

Lakini kwa mtu wa kawaida wa Nakuru, Mchina wa kwanza hakuja kwa redio wala chuo. Alikuja kwa teke. Katika vibanda vya video vya Bondeni na Kaptembwo, benchi za mbao na pazia jeusi mlangoni, filamu za Hong Kong zilionyeshwa mchana kutwa, na zilipopata mfasiri zikawa zetu. DJ Afro, ambaye kanda zake zilienea kila kibanda, huisimulia filamu nzima kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akiwapa wahusika majina ya mtaani, akiwakejeli, akimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Tanzania walikuwa na Lufufu akifanya kazi hiyohiyo kabla yake, na Uganda wana wasimulizi wao. Ukiwa mwalimu wa fasihi simulizi, utamtambua mtu huyu papo hapo: ni fanani. Ana hadhira, ana utendaji, ana uhuru wa kubadilisha kisa. Kitu kimoja tu humtofautisha na bibi wa ngano, nacho ni kwamba picha hazimngoji.

Kuitia filamu sauti ni jambo jingine kabisa. Fanani husimama kati yako na filamu, ukamwona. Mtia sauti hujificha ndani ya kinywa cha mwigizaji. Kwa Kiswahili, kazi hii iliingia hatua kubwa kwa tamthilia moja ambayo kila mwalimu anayejali historia ya tafsiri anapaswa kuijua: Doudou na Mama Wakwe Zake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mao Doudou, anayeigizwa na Hai Qing, ni muuguzi hospitalini mjini Beijing. Anaolewa na Yu Wei, mpiga picha, anayeigizwa na Huang Haibo. Wazazi wa Yu Wei waliachana na baba akaoa tena. Kwa hiyo Doudou anapoingia katika ndoa anakuta si mkwe mmoja bali wawili, na wawili hao hawapikiki chungu kimoja. Tamthilia ina vipindi 36, iliongozwa na Liu Jiang, na ilipata watazamaji wengi sana nchini China mwaka 2010. Mwishoni mwa mwaka 2011 ilionyeshwa na TBC nchini Tanzania ikiwa katika Kiswahili, baada ya tafsiri na utiaji sauti uliohusisha Idhaa ya Kiswahili ya Radio China Kimataifa. Tarehe 25 Machi 2013, Rais Xi Jinping akihutubia Dar es Salaam aliitaja kwa jina, kama mfano wa jinsi Watanzania walivyopata kuyaona maisha ya kila siku ya familia za Kichina. Ni nadra muuguzi wa kubuni kutajwa na mkuu wa dola katika hotuba ya kidiplomasia.

Kwa nini China ilituletea muuguzi mwenye matatizo ya ukwe, wala si inspekta mwenye bastola? Sababu moja ni ya kisiasa nayo inafaa kukumbukwa tunapofundisha muktadha wa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 runinga ya China ilijaa visa vya uhalifu na upelelezi. Mwaka 2004 mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo iliagiza visa hivyo viondolewe katika saa za jioni zenye watazamaji wengi. Watunzi wakabaki na pengo la kujaza, na wengi wakalijaza kwa jikoni, sebule na ugomvi wa wakwe. Doudou ni binti wa kipindi hicho. Polisi hakufa, kwa maoni yangu alirudi baadaye akipitia mlango wa mapenzi. Mfano wa karibu ni tamthilia ya mwaka 2021 ambayo wasichana wa shule yangu huitazama kwenye simu ikiwa na maandishi ya Kiingereza, You Are My Hero, ambamo Ma Sichun ni Mi Ka, daktari anayejifunza upasuaji, na Bai Jingting ni Xing Kelei, kiongozi wa kikosi maalumu cha polisi. Jina lake la Kichina ni zuri kuliko la Kiingereza. Linasema, kwa maneno machache: wewe ndiwe mji wangu wenye kuta na kambi yangu yenye ngome. Mshairi wa Mombasa angelifurahia, maana Mombasa ngome anaijua.

Njia iliyozileta tamthilia hizi hadi Njoro na Molo ni ya waya na vyuma, nayo tusiiruke. StarTimes, kampuni ya Beijing, ilianza kuuza ving'amuzi vya bei nafuu Tanzania na baadaye Kenya mwanzoni mwa mwongo uliopita. Mnamo Februari 2015 Kenya ilipozima mitambo ya analojia, stesheni kubwa za hapa nchini zilitoweka hewani kwa karibu majuma matatu kwa sababu ya mvutano juu ya uhamiaji huo. Wakati huo wote aliyekuwa na king'amuzi alitazama kilichokuwemo. Desemba mwaka huohuo, katika kikao cha China na Afrika kilichofanyika Johannesburg, ikatangazwa azma ya kufikisha runinga ya satelaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, Kenya ikiwamo. Mwaka 2016 StarTimes ikaandaa Tanzania mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi ya kutia sauti. Basi usishangae, mwalimu, kwamba mtoto wa Molo ambaye hajawahi kufika Namanga anaandika "Jeshi la Polisi". Amefundishwa na Mtanzania aliyeko Beijing. Sijui kama kuna silabasi iliyowahi kusafiri hivyo.

Sasa turudi kwenye kalamu nyekundu. Mwalimu mwenzangu tuliyekaa naye meza moja katika chumba cha walimu, mtu wa sarufi hasa, alikuwa na kauli moja kuhusu anwani ile: "Mama wakwe zake ni Kiswahili cha kukimbia. Mavyaa yumo kamusini, kwa nini hawakumtumia?" Mimi nilikuwa nimekubaliana naye kwa mioyo miwili, na ndiyo maana nilimsahihisha yule msichana. Siku moja nikifundisha msamiati wa ukoo, bavyaa, mavyaa, mkaza mwana, wifi, mwamu, nikasimama ubaoni katikati ya neno. Mavyaa ametoka wapi? Ametoka kwa kitenzi vyaa, ambacho katika lahaja za kaskazini ndicho zaa. Mavyaa ni mama aliyemvyaa mwenzio wa ndoa. Mke wa pili wa baba yake Yu Wei hakumvyaa Yu Wei. Ukimwita mavyaa umesema uongo kwa mzizi wa neno, hata kama kamusi haitakushtaki. "Mama mkwe" hana mzigo huo. Ukwe unatokana na ndoa, haujali nani aliyezaa. Mfasiri wa Doudou, kwa kujua au kwa bahati, alichagua neno ambalo lingewabeba wanawake wote wawili. Na yule msichana, alipoandika "mama mkwe wa kambo", alikuwa ametofautisha kile ambacho mwalimu wake hakukitofautisha.

Huenda mfasiri alikuwa na sababu nyingine pia, za mdomo badala ya mzizi. Anayetia sauti hufungwa na midomo ya mwigizaji. Kichina humwita muuguzi kwa silabi mbili, hushi. Sisi tuna nne, mu-u-gu-zi. Polisi wao ni jingcha, silabi mbili. Askari polisi wetu ana sita. Daktari wao ni yisheng. Wetu ana tatu, au nne ikiwa unamhesabu kwa mizani za mtunzi wa mashairi. Kila sentensi ya Kiswahili humaliza baada ya midomo ya Mchina kufungika, isipokuwa mfasiri apunguze. Ndiyo maana katika tamthilia hizi watu husema "Naja" pale ambapo kitabu kingesema "Ningali njiani, nitawasili baada ya muda mfupi". Ukiwa na mwanafunzi anayeandika sentensi ndefu zisizo na kichwa, mpe dakika mbili za mazungumzo ya Doudou ayanakili. Nimejaribu, na nimeona faida. Na kwa upande wa ukwe, mama wa mume kwa Kichina huitwa popo. Fikiria mtafsiri angeliacha neno lilivyo, na watoto wa Kiswahili wakasikia Doudou ameamkia popo wawili sebuleni!

Baada ya hapo niliacha kuziona tamthilia hizi kama adui wa kitabu kilichoteuliwa. Chukua Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo watahiniwa wa KCSE wamekuwa wakiisoma katika miaka ya hivi karibuni. Sara ni mgonjwa. Neema, binti yake aliye mjini, anataka kumtibu na kumkaribisha. Bunju, mumewe Neema, anasita kwa sababu mila haimruhusu mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwewe wa kiume. Wanafunzi wangu, wengi wao wakiwa wametoka katika jamii zenye miiko kama hiyo, humwelewa Bunju upesi mno. Humwelewa hata kabla ya kumhukumu. Nikiwakumbusha Doudou, ambaye milango yake iko wazi kwa wakwe wawili hadi wakamnyima usingizi, swali hubadilika. Haliwi tena "Je, Bunju ni mbaya?" bali "Nyumba ya ndoa ni ya nani, na mgonjwa anaingia kwa haki gani?" Hapo utapata majibu ambayo hayamo katika mwongozo wowote wa kusahihisha. Mwanafunzi mmoja wa kiume alinijibu kwamba Bunju angekuwa Beijing asingekuwa na pa kujificha, kwa sababu fleti haina kibanda cha nje. Hilo ni jibu la mandhari, msomaji, na alilitoa mtu ambaye siku zote alidai mandhari ni "mahali kisa kinatokea" kisha akakaa.

Hata hivyo sitaki udhani nimekuwa mpiga debe. Tamthilia hizi zina kasoro, nasi tusiwafiche watoto. Hospitali zake zinang'aa kupita kiasi. Askari wake hachoki, hachukui kitu kidogo, wala hamkosei raia; taasisi haina doa, na ikiwa na doa basi ni la mtu mmoja ambaye ataondolewa kabla ya kipindi cha mwisho. Kwa mtu aliyekuwa Nakuru au Naivasha Januari 2008, sare ya polisi haiwezi kuwa vazi la mapenzi tu. Wapo wanaokumbuka waliokolewa na mtu mwenye sare hiyo, wakalala katika uwanja wa kituo chake, na wapo wanaokumbuka kinyume. Mwanafunzi anayeandika juu ya askari mwema ana haki ya kufanya hivyo, lakini mwulize askari huyo anaishi nyumba gani, analipwa nini, na usiku ule wa vurugu alikuwa wapi. Hapo ndipo mhusika bapa huanza kupata uzito. Kosa langu la 2017 ni kwamba sikuuliza. Nilikata.

Na kuhusu yule daktari aliyekesha. Insha ile iliandikwa mwezi wa Februari. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma ulikuwa umeanza tarehe 5 Desemba 2016 na haukwisha hadi katikati ya Machi 2017. Siku 100 kamili. Wodi zilikuwa tupu. Mimi nilikuwa nikisoma habari hizo gazetini kila siku katika chumba cha walimu, kisha nikaingia darasani na kuandika "SI UHALISIA" chini ya daktari aliye zamu, bila kujiuliza kwa nini mtoto amewaza daktari aliye zamu wakati ambapo hakuna. Katika muhula wa pili ndipo nilipojua kwamba mama aliyemlea, ambaye hakuwa mama yake mzazi, alikuwa ameugua nyumbani majuma yote yale, na kwamba walimfikisha kwenye hospitali moja wakarudishwa na mlinzi wa lango. Alipona, ashukuriwe Mungu. Msichana hakunieleza hayo kwa kulalamika. Alikuja kuomba ruhusa ya kumsindikiza kliniki, na katika kueleza ratiba akasema "mama yangu wa kambo", kisha akanyamaza, akaniangalia, nadhani akingoja nimsahihishe.

Nilimwomba aniletee ile insha. Alikuwa bado anayo, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha kemia. Nilifuta "mavyaa" na kurudisha maneno yake. Nilifuta maandishi ya pambizoni, na yale ya herufi kubwa nikayafuta mara mbili kwa sababu wino ulikuwa umezama. Alama 6 ikawa 15. Angepata 16, lakini nilimwachia kosa moja, Jeshi la Polisi. Hilo alilikubali.